Kufungua Mfuniko wa Saa ya Kuzamia na Kuufunga Tena Usipitishe Maji

Mfuniko wa nyuma wa saa ya kuzamia hufunguka kwa dakika chache tu, mradi anayeufungua ana spana inayofaa na mkono uliotulia. Ugumu wa kazi hii uko katika kuurudisha mfuniko mahali pake kwa namna ambayo maji hayatapata upenyo. Saa iliyofungwa ovyo huendelea kutembea, humeta kama zamani, na haioneshi dosari yoyote kwa macho mpaka siku mwenyewe atakapokuwa mita kumi na tano chini ya uso wa bahari. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaeleza namna ya kufungua, lakini unakaa kwa muda mrefu zaidi kwenye oringi, yaani ule mpira mwembamba wa mviringo unaolala kati ya mfuniko na kasha, kwa kuwa huo ndio unaozuia maji.

Mfano nitakaoutumia ni Seiko SKX007, saa ya Kijapani iliyoingia sokoni mwaka 1996 na kuacha kutengenezwa mwaka 2019, ambayo bado imo mikononi mwa watu wengi duniani na hupatikana kwa urahisi miongoni mwa wauzaji wa saa zilizokwisha kutumika. Ni saa ya kuzamia mita 200, ina kifundo cha kurekebishia majira kilichowekwa upande wa namba 4 ya uso wa saa badala ya namba 3, na mfuniko wake wa nyuma hufungwa kwa hesi, yaani mikato ya kusokotea kama ya parafujo, na una vishimo sita ukingoni vya kushikia spana. Muundo huo ndio muundo wa saa nyingi za kuzamia za siku hizi, ziwe za bei nafuu au za bei ya kati, kwa hiyo anayeuelewa vizuri kwenye saa hii ataweza kuutumia ujuzi wake kwenye nyingine nyingi.

Kabla ya kufungua: je, kuna haja?

Sababu za haki za kufungua saa ya kuzamia ni chache. Betri imekwisha, mashine imeanza kuwahi au kuchelewa kupita kiasi, ukungu umeonekana ndani ya kioo, au oringi imefikia umri wa kubadilishwa. Hamu ya kuona mashine ilivyo ndani si sababu ya kutosha, hasa kama saa bado iko chini ya dhamana ya mtengenezaji, kwa kuwa dhamana hiyo kwa kawaida huvunjika pale mtu asiyeidhinishwa anapoifungua.

Lipo pia jambo la viwango ambalo wamiliki wengi hawalijui. Saa inayoitwa ya kuzamia kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 hupimwa moja moja, si kwa kuchagua chache kutoka kwenye fungu. Kila saa hutiwa kwenye shinikizo la maji linalozidi kwa asilimia 25 shinikizo la kina kilichoandikwa juu yake, hivyo saa ya mita 200 huwa imevumilia shinikizo la mita 250 kabla ya kutoka kiwandani. Siku mfuniko unapofunguliwa, ushahidi huo unakoma. Maneno «AIR DIVER'S 200M» yataendelea kusomeka mgongoni mwa saa, lakini hayatakuwa na maana yoyote mpaka saa ipimwe upya. Ikiwa unaivaa saa hiyo kuzamia kweli, na mahali ulipo hakuna fundi mwenye mashine ya kupima shinikizo, ushauri wangu ni kwamba usiifungue; isubiri safari itakayokupeleka kwenye mji wenye fundi wa aina hiyo. Ikiwa unaivaa ofisini, sokoni na kwenye mvua, unaweza kuendelea kwa uangalifu.

Kuutambua mfuniko ulio mbele yako

Igeuze saa na uutazame mgongo wake kwa lenzi ya kukuzia. Ukiona vishimo vya pembe nne vilivyopangwa kwa umbali sawa ukingoni, huo ni mfuniko wa hesi wa kawaida, na maelezo yanayofuata yanauhusu moja kwa moja. Ukiona ukingo wenye mikunjo midogo midogo iliyozunguka mfuniko wote, kama ilivyo kwenye makasha ya Oyster ya Rolex, nao ni mfuniko wa hesi, lakini unahitaji kikombe maalumu chenye mikunjo ya kipimo kilekile. Spana ya meno haina pa kushika hapo, na kila jaribio litaacha mkwaruzo. Baadhi ya saa za Omega, mfano Seamaster Diver 300M iliyotoka mwaka 2018, zina mfuniko unaojifunga kwa kuzungushwa kidogo tu na kuingia kwenye vifungio vyake, ili maandishi ya nyuma yakae wima daima. Huo nao una kifaa chake, na hauna sababu ya kuguswa nyumbani.

Kuna saa ambazo hazina mfuniko wa nyuma kabisa. Seiko ya kitaalamu ya mita 600 iliyotoka mwaka 1975, na Omega Ploprof ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilitengenezwa kwa kasha la kipande kimoja, na mashine yake huingizwa na kutolewa kupitia mbele, baada ya kioo kuondolewa. Mgongo usio na kishimo, mkunjo, parafujo wala ufa wa kuingizia kisu unakuambia kwamba umeshika saa ya namna hiyo, na hapo kazi yako imekoma. Vilevile, usiguse kitufe kidogo cha ziada kilicho ubavuni mwa baadhi ya saa za wazamiaji wa kina kirefu, ambacho kazi yake ni kutoa gesi ya heli; kina oringi zake chenyewe na hakihusiani na kuufungua mgongo.

Saa nyingine hufungwa kwa parafujo nne ndogo pembeni. Hizo hufunguliwa kwa bisibisi inayoingia barabara kwenye mfereji wa parafujo, na oringi yake hutunzwa kwa sheria zilezile nitakazozieleza. Ama mfuniko wa kubandika, unaong'olewa kwa kisu, ukiukuta kwenye saa inayojiita ya kuzamia, ninakushauri usiipeleke majini hata kabla hujaifungua.

Vifaa

Kifaa kikuu ni spana ya kufungulia saa yenye meno matatu yanayorekebishika. Zipo za meno mawili ambazo ni rahisi zaidi, lakini meno mawili hushika mfuniko kwa mstari mmoja tu na huteleza kwa wepesi, ilhali matatu huugawa mkazo sawasawa kuzunguka duara. Spana nyingi huuzwa pamoja na seti kadhaa za meno, mengine bapa na mengine ya duara. Kwa vishimo vya SKX007 chagua meno bapa yanayojaza kishimo bila kucheza. Utahitaji pia kishikio cha saa chenye vigingi vya plastiki au nailoni, kibano cha plastiki, kipulizio cha mpira cha kuondolea vumbi, vijiti vya pamba, vijiti vya meno vya mbao, utepe wa gundi usioacha ulimbo, glavu nyembamba, kitambaa kisichotoa nyuzi, na grisi safi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya saa. Seiko yenyewe huuza grisi yake katika kijikopo chenye sponji mbili, ambapo oringi huwekwa katikati, kopo hufungwa, na oringi hutoka imepakwa kwa kiasi sahihi. Watengenezaji wengine nao wana vijikopo vya mtindo huohuo.

Oringi mpya ni lazima uwe nayo mkononi kabla ya kufungua, si baada. Mgongo wa SKX007 umeandikwa 7S26-0020: sehemu ya kwanza ni jina la mashine na sehemu ya pili ni namba ya kasha, na kwa namba hizo mbili muuzaji wa vipuri atakupatia oringi halisi. Kama hukupata halisi, utalazimika kuipima ya zamani kwa kipenyo cha ndani na unene, kwa kipimo kinachosoma sehemu za milimita, kisha uagize inayolingana na usubiri iwasili huku saa ikiwa wazi, jambo ambalo halipendezi. Kwenye mgongo huohuo kuna namba ya utambulisho ya tarakimu sita, ambapo tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa na inayofuata ni mwezi. Itakusaidia kukadiria umri wa oringi iliyomo kama haijawahi kubadilishwa.

Chumba na hewa yake

Maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za hewa kavu, ndiyo maana hawalitilii maanani jambo ambalo kwa mtu wa Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam ni la msingi. Unapofunga saa, unafungia ndani yake hewa ya chumba ulichomo. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo ni ya kawaida pwani katika majira ya mvua, huanza kugeuka kuwa matone pale inapogusa kitu chenye joto la chini ya nyuzi 26 hivi. Sasa mfikirie mtu anayeingia na saa hiyo kwenye maji ya kina yenye nyuzi 25, au anayetoka juani akaingia kwenye chumba chenye kiyoyozi: kioo kitapoa, na ukungu utajitokeza ndani yake ingawa hakuna tone hata moja lililopenya kutoka nje. Mwenye saa atadhani oringi imeshindwa, ataifungua tena, na kuifunga tena katika hewa ileile.

Chumba chenye kiyoyozi huondoa tatizo hilo. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 50 haitoi matone mpaka ipoe hadi karibu nyuzi 13, na kioo cha saa iliyo mkononi mwa mtu wa pwani hakifiki huko mara kwa mara. Kwa hiyo washa kiyoyozi saa moja au mbili kabla, weka saa na vifaa vyote ndani ya chumba hicho vipate joto moja, zima feni ili vumbi litulie, na usiipumulie mashine iliyo wazi. Asiye na kiyoyozi na achague siku kavu, saa za alasiri ambapo unyevu hupungua, na afunge mfuniko mapema iwezekanavyo.

Kuosha, kushika na kufungua

Ondoa mkanda kwanza, maana huzuia saa kukaa vizuri kwenye kishikio na pini zake huweza kurukia usoni. Kisha hakikisha kifundo kimesokotwa hadi mwisho, na uoshe kasha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, hasa kwenye mpaka wa mfuniko na kasha. Chumvi ya bahari, jasho na ngozi iliyokufa hujikusanya hapo kwa miaka. Uchafu huo, ukiachwa, huingia kwenye hesi mara mfuniko unapoanza kuzunguka, na punje moja ya mchanga inatosha kukwaruza hesi za chuma au kulala kwenye mfereji wa oringi. Kama una shaka kwamba saa tayari inapitisha maji, usiioshe bombani. Ifute kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Ikaushe kabisa, ukipulizia hewa kwenye mpaka huo mpaka usione unyevu wowote.

Piga picha ya mgongo ukiwa bado umefungwa, ili ujue alama ya wimbi iliyo katikati ilikuwa imeelekea wapi. Bandika utepe juu ya mfuniko na juu ya miguu ya kasha, yaani zile pembe zinazoshika mkanda, ukiacha vishimo wazi, ili jino likiteleza likutane na utepe. Weka saa kwenye kishikio kioo kikiwa chini, na hakikisha vigingi vinashika kasha lenyewe kwenye miguu yake, wala si ile pete ya juu inayozunguka, ambayo imeshikwa kwa springi tu na haikuundwa kuhimili msokoto. Kifundo cha SKX007 kikiwa upande wa namba 4, mara nyingi hukutana na kigingi. Sogeza kigingi mpaka kifundo kiwe huru kabisa.

Rekebisha meno ya spana mpaka yote matatu yaingie kwenye vishimo, kimoja kimoja kwa kukiruka kimoja, kwa wakati mmoja na hadi chini. Sasa kandamiza spana kwa uzito wa mkono wako wote, ikiwa wima, na ndipo uizungushe kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kwa namna unavyouona mgongo. Nguvu ya kukandamiza iwe kubwa kuliko nguvu ya kuzungusha. Karibu mikwaruzo yote inayoonekana kwenye migongo ya saa ilitokana na mtu aliyezungusha kwa nguvu bila kukandamiza, jino likapanda kutoka kwenye kishimo na kukimbia juu ya chuma. Mkazo uongezwe polepole, bila kushtua. Mfuniko utalegea ghafla, na baada ya hapo uweke spana pembeni na umalizie kwa vidole. Kwa mfuniko ambao haukukazwa sana, mpira laini wa kufungulia, ule wenye ngozi inayonata, unaweza kutosha wenyewe, na ni vema kuujaribu kwanza kwa kuwa hauwezi kukwaruza chochote.

Mfuniko ukikataa, pumzika. Pasha mgongo joto kwa kikausha nywele kwa muda mfupi, kiasi cha vuguvugu ambalo kidole kinaweza kuvumilia, kisha ujaribu tena. Mara nyingi kilichoushika ni oringi ya zamani iliyogeuka kuwa kama ulimbo. Usimimine mafuta ya kulegezea kutu, kwa maana yatapita kwenye hesi na kufika kwenye mashine. Na tafadhali, usikubali kamwe patasi na nyundo, hata kama anayekushauri ni mtu wa makamo aliyezoea kufungua saa kwa njia hiyo. Pigo la nyundo hupita kwenye kasha hadi kwenye egemeo nyembamba za gurudumu la mizani, lile linalopiga mapigo ya saa, na huharibu vishimo ambavyo fundi anayefuata atavihitaji. Mfuniko ulioshikwa na kutu ni kazi ya fundi mwenye mashine ya mezani inayobana saa juu na chini wakati wa kuzungusha.

Ndani ya saa

Inua mfuniko moja kwa moja juu, bila kuuburuta. Ndani ya SKX007 utakutana na mashine ya 7S26 imezungukwa na pete ya plastiki, na juu yake kuna kile chuma kizito cha nusu duara kinachozunguka kwa mwendo wa mkono na kujaza springi. Mashine hii haijazwi kwa kusokota kifundo, na mshale wake wa sekunde hausimami kifundo kinapovutwa. Kwa hiyo ukiona imesimama usidhani umeiharibu, itikise kidogo na itaamka. Gurudumu la mizani, linalopiga mara 21,600 kwa saa, lisiguswe na chochote, wala kidole, wala pamba, wala hewa kali ya kopo. Kando yake kuna vijiwiko viwili vya kurekebishia mwendo. Kimoja hurekebisha kasi na kingine hurekebisha usawa wa mapigo, na mtu asiye na kifaa cha kusikiliza mapigo hana namna ya kujua amevisogeza kwa faida au kwa hasara. Viache.

Kwa saa ya betri, toa betri kwa kibano cha plastiki ili usiunganishe pande zake mbili, soma namba yake, na urudishe ya namba hiyohiyo. Saa zinazojichaji kwa mwanga, mfano zile za Eco-Drive za Citizen, hazina betri ya kawaida bali akiba ya umeme inayochajiwa. Ukiweka betri ya kawaida mahali pake, itasukumiwa umeme ambao haikuundwa kuupokea, nayo inaweza kuvuja au kupasuka.

Oringi

Watu hudhani kwamba saa huzuia maji kwa sababu mfuniko umekazwa kwa nguvu nyingi. Fikiria hesabu ifuatayo. Katika mita 200 za maji, shinikizo ni takriban bar 20 (bar ni kipimo cha shinikizo) juu ya lile la hewa. Mfuniko wenye kipenyo cha milimita 30 unasukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa zaidi ya kilo 140, na msukumo huo unaelekea ndani. Bahari yenyewe, basi, huukandamiza mfuniko kwenye kasha kwa nguvu ambayo mkono wako na spana haviwezi kuikaribia. Kilichobaki ni ile nafasi ndogo mno kati ya chuma na chuma, na inayoijaza ni oringi, ambayo imebanwa kiasi na inajitanua kwa unyumbufu wake yenyewe. Ikipoteza unyumbufu huo, hakuna kiasi cha kukaza kitakachochukua nafasi yake.

Itoe oringi ya zamani kwa kijiti cha mbao, usitumie sindano wala kibano cha chuma, kwa kuwa mkwaruzo mmoja unaokatiza mfereji wake ni njia tosha ya maji. Itazame kabla ya kuitupa. Ikiwa imebapa upande mmoja badala ya kuwa duara, ikiwa inanata vidoleni, au ikionesha nyufa unapoikunja, ilikuwa imekwisha kufa kitambo, na ni bahati kwamba umeifungua saa wakati huu. Hata ikionekana nzima, weka mpya. Bei ya oringi haina uwiano wowote na bei ya mashine iliyoingia maji ya chumvi.

Safisha mfereji kwa kijiti cha pamba kilichochovywa kidogo sana kwenye spiriti, ukizunguka mpaka pamba itoke nyeupe, kisha ufanye vivyo hivyo kwenye uso wa ndani wa mfuniko na kwenye hesi zote mbili. Fanya kazi hii saa ikiwa imeinamishwa ili uchafu usidondokee kwenye mashine, na umalizie kwa kipulizio. Tazama kwa lenzi. Ukiona vishimo vidogo vya kutu kwenye sakafu ya mfereji, jambo linalotokea kwenye saa zilizovaliwa baharini bila kusuuzwa, saa hiyo haitarudi kuwa ya kuzamia kwa kubadilisha oringi pekee.

Grisi nayo hueleweka vibaya. Haizibi. Kazi yake ni kuiruhusu oringi iteleze wakati mfuniko unazunguka juu yake, isisokoteke wala kuvutwa nje ya mfereji, na kuilinda isikauke. Kwa hiyo inatakiwa kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Grisi inayoonekana kama bonge ni nyingi mno na itakusanya vumbi au kusogea kuelekea kwenye mashine. Mafuta ya mgando ya kujipaka, ambayo watu wengi huyatumia kwa kuwa yapo nyumbani, hayafai hapa: hulainika kwa joto la mkono, husambaa, na huvimbisha aina fulani za mpira. Isipokuwa oringi yako imetengenezwa kwa silikoni yenyewe, ambayo haipatani na grisi ya jina lake, grisi ya silikoni ndiyo ya kutumia.

Ilaze oringi kwenye mfereji bila kuivuta. Ibonyeze kwa ncha ya kidole chenye glavu kuzunguka duara lote, halafu zungusha saa chini ya taa ukitafuta mahali palipoinuka au palipojikunja, na unywele au uzi uliolala juu yake. Unywele mmoja chini ya oringi unatosha kuharibu kazi yote. Hapa ndipo haraka inapowagharimu watu, na ningependa msomaji atumie muda mrefu hapa kuliko mahali pengine popote.

Kufunga

Pulizia mashine mara ya mwisho, uweke mfuniko juu ya kasha ukiwa sambamba, na uuzungushe kwanza kinyume, kana kwamba unafungua, huku ukiubonyeza kidogo. Utahisi hesi ya mfuniko ikidondoka mahali pake kwenye hesi ya kasha. Ndipo ugeuze mwelekeo na uanze kuukaza kwa vidole. Uende kwa urahisi, raundi baada ya raundi, mpaka uguse oringi na uanze kuwa mzito. Kama uzito huo umekuja mapema, au mfuniko unaonekana umeinama upande, umepanda hesi vibaya. Rudi nyuma na uanze upya, kwa maana hesi iliyolazimishwa haitengenezeki.

Malizia kwa spana, ukikandamiza kama ulivyofanya wakati wa kufungua, mpaka mfuniko ukutane na chuma cha kasha na usimame. Baada ya hapo ongeza mkazo wa wastani tu. Linganisha na picha uliyopiga: alama ya wimbi itakuwa karibu na mahali ilipokuwa, lakini si lazima iwe palepale, kwa sababu oringi mpya ni nene kuliko ile iliyobapa. Wapo wanaoendelea kukaza ili tu alama ikae wima, na hao wanaichosha hesi kwa ajili ya jambo ambalo halina faida yoyote ndani ya maji.

Fungua kifundo, uhakikishe majira na tarehe vinarekebishika, kisha ukisokote tena hadi mwisho. Kumbuka kwamba kifundo kina oringi zake, na kioo kina yake. Oringi mpya ya mfuniko haiziponyi hizo.

Kupima

Lipo jaribio moja la ukungu linalotokana na viwango vyenyewe na linaloweza kufanyika mezani. Pasha saa mpaka ifike joto la nyuzi 40 hadi 45, kwa kuilaza juu ya chombo cha chuma chenye maji ya moto ndani yake, bila saa kugusa maji, huku ukipima kwa kipimajoto. Weka tone la maji ya nyuzi 18 hadi 25 juu ya kioo, subiri dakika moja, lifute, na utazame chini ya mahali lilipokuwa. Ukungu ukijitokeza ndani ya kioo, kuna unyevu ndani ya kasha, na inabidi saa ifunguliwe katika hewa kavu zaidi. Jaribio hili huonesha hali ya hewa iliyofungiwa ndani, lakini halisemi lolote kuhusu uwezo wa oringi kuhimili kina.

Hilo hupimwa kwa mashine. Mafundi wengi wana mashine ya hewa, ambayo huizungushia saa shinikizo na kupima kama kasha linabonyea kidogo na kubaki limebonyea. Likianza kurudi katika umbo lake huku shinikizo halijaondolewa, hewa inapenya. Faida yake ni kwamba saa inayovuja haiingii maji wakati wa kupimwa, na kwa hiyo iwe ya kwanza daima. Baada ya kufaulu hapo, ndipo saa itiwe kwenye chombo cha maji hadi kufikia shinikizo lake. Mwambie fundi waziwazi kwamba unataka ipimwe kwa bar 20 au zaidi, kwa kuwa mashine ndogo za dukani huishia kwenye bar chache ambazo zinatosha kwa saa ya kuogelea tu, na umwombe akuandikie shinikizo alilofikia pamoja na tarehe.

Mpaka karatasi hiyo ipatikane, ivae saa nchi kavu. Ikishapatikana, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila inapotoka baharini, irudishe ipimwe kila mwaka kama unazamia nayo, na andika tarehe ya oringi mpya pamoja na namba ya kasha mahali ambapo fundi atakayeifungua baada yako ataziona.